Msiogope, ili Tufanye Nini?

Tangu uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025, mahubiri mengi niliyoyasikia katika Mkoa wa Songwe yamejengwa juu ya neno moja: msiogope. Nimelisikia Vwawa, nimelisikia Mlowo, na Tunduma nimelisikia kupitia vipaza sauti vya makanisa matatu kwa wakati mmoja, kila kimoja kikijitahidi kumzidi mwenzake. Ni neno la Biblia, wala sina ubavu wa kulipinga. Lakini kwa kuwa kazi yangu ni kuuliza maswali, nitauliza moja ambalo wahubiri wetu aghalabu hulipita: msiogope, ili mfanye nini?

Swali hili linatoka katika Maandiko yenyewe. Anayeyasoma kwa utulivu ataona kwamba amri hiyo, mara nyingi, huja na nusu ya pili. Yoshua aliambiwa asiogope kwa sababu alikuwa na mto wa kuvuka na watu wa kuwavusha. Yeremia, kijana aliyejitetea kwamba hajui kusema, aliambiwa asiziogope nyuso za wakubwa kwa sababu alikuwa anatumwa kwao na ujumbe wasioupenda. Wanawake waliokwenda kaburini alfajiri waliambiwa wasiogope, na papo hapo wakapewa safari ya kwenda kuwaambia wenzao waliyoyaona. Faraja ililetwa ikiwa imefungwa pamoja na kazi. Sisi tumeufungua mzigo, tumechukua faraja, na kazi tumeirudisha kwa aliyeituma.

Watu wa Tunduma hawahitaji mhadhiri wa kuwafundisha maana ya kutoijua kesho. Mji wao umekaa kwenye barabara kuu ya kwenda Zambia, kando ya reli ya TAZARA, na Nakonde iko ng'ambo, mwendo wa miguu tu. Mafuta ya petroli yanakwenda, shaba inarudi. Dereva wa lori hajui atalala kwenye foleni usiku mmoja au minne. Wakala wa forodha anaamka bila kujua kama mtandao wa kompyuta utafanya kazi. Mbadilisha fedha hajui kwacha itaamkaje, na mwenye ghala la mahindi hajui kama kibali cha kuuza nje kitatoka kabla wadudu hawajaingia. Kituo cha pamoja cha forodha, alichokizindua Rais John Magufuli pamoja na Rais Edgar Lungu tarehe 5 Oktoba 2019, kimepunguza baadhi ya adha hizo. Hakikuziondoa, na pengine hakuna jengo linaloweza. Mpaka ndivyo ulivyo. Hofu ya namna hii mji umeizoea, na imani yake imekua ndani yake. Ndiyo maana mtu wa Tunduma akifunga biashara ya siku husema "Mungu ametusaidia" bila kujisikia kwamba anahubiri.

Hofu iliyoingia sasa ni ya aina nyingine. Novemba 2024, wakati wa uchaguzi wa serikali za mitaa, CHADEMA kilitangaza kwamba wanachama wake watatu wameuawa, mmoja wao hapa Tunduma. Siku chache kabla ya hapo, mwenyekiti wake wa wakati huo, Freeman Mbowe, alikamatwa na polisi katika mkoa huu huu akiwa kwenye kampeni. Mwaka uliofuata, siku ya uchaguzi mkuu, Tunduma ikawa miongoni mwa miji iliyotajwa katika habari za maandamano na machafuko. Intaneti ikazimwa nchi nzima. Kwa mji ambao nyaraka za mizigo, malipo na habari za wasafiri hupita kwenye simu, kuzimwa huko kulikuwa sawa na kuzibwa macho. Watu walijua kwamba kuna jambo, hawakujua ni jambo gani, wala limemfika nani. Intaneti iliporudi, hofu haikuondoka. Ilibadilika tu ikawa hofu ya kusema, hofu ya kuonekana ukiwa msibani, hofu ya kubonyeza alama ya kupenda chini ya andiko la mtu mwingine. Sisi tunaolipwa mshahara na umma tunaifahamu vizuri hofu hiyo ya mwisho, ingawa tunapenda kuiita busara.

Basi imani inaifanyia nini hofu kama hii? Jibu la haraka ni kwamba inaiondoa. Siliamini jibu hilo, na sidhani kwamba Injili inaliamini. Bustanini Gethsemane Yesu mwenyewe alihuzunika hadi jasho likamtoka, akaomba kikombe kimwepuke. Wanafunzi wake, baada ya kusulubiwa kwake, walijifungia ndani kwa kuwaogopa wakuu, na ni ndani ya chumba hicho kilichofungwa alipowajia. Hakuwakemea kwa kufunga mlango. Aliwapa amani, kisha akawatuma nje. Mwenye imani anaweza kabisa kuwa mtu anayetetemeka. Kinachomtofautisha ni anakoelekea huku anatetemeka.

Na Tunduma ina kumbukumbu inayotulazimisha kulisema hili bila kujipendelea. Mwanzoni mwa 2013 ulizuka mgogoro kuhusu nani achinje mifugo ambayo nyama yake huuzwa kwa watu wote. Kwa desturi ya miaka mingi nchini mwetu kazi hiyo ilifanywa na Waislamu, ili nyama ya buchani iweze kuliwa na kila mtu. Baadhi ya Wakristo wakaanza kudai haki ya kuchinja na kuuza nyama yao. Kule Buseresere, Geita, mwezi Februari mwaka huo, mchungaji wa Kanisa la Assemblies of God aliuawa katika vurugu zilizotokana na mgogoro huo. Habari ya kifo chake ikasafiri, na kama ilivyo ada ya habari za aina hiyo, kila mahali ilipopita iliongezwa chumvi. Mwanzoni mwa Aprili, siku chache tu baada ya Pasaka, moto ukafika Tunduma. Kundi la Wakristo wenye hasira liliingia mitaani, likajaribu kuchoma msikiti, polisi wakatumia mabomu ya machozi, makumi ya watu wakakamatwa.

Tusilipite jambo hili haraka. Hawa hawakuwa wapagani. Walikuwa watu wetu, na Jumapili iliyotangulia makanisa ya mji mzima yalikuwa yametoka kuimba ufufuko. Ukiwauliza wangesema wanaitetea imani. Kwa tathmini yangu, walichokuwa wakikitetea ni hofu yao: hofu kwamba Wakristo wanafanywa raia wa daraja la pili, kwamba wenzao wanauawa na hakuna anayejali, kwamba wasipoanza wao wataanziwa. Hofu hiyo haikutoka hewani. Mtu alikuwa amekufa Buseresere. Lakini angalia ilichofanyiwa. Haikupelekwa mbele za Mungu kama malalamiko, haikupelekwa mahakamani, haikupelekwa hata kwa jirani Mwislamu aliye kibanda cha pili sokoni ili aulizwe kama yeye ana nia hiyo mbaya inayosemwa. Ilipewa kazi na uvumi. Na uvumi, tofauti na Mungu, hauna shida ya kupata watumishi.

Ninalikumbusha kwa sababu kuna msemo unaopendwa na viongozi wetu wa serikali na wa dini, kwamba taifa likiwa na dini linakuwa na amani. Tunduma 2013 inaukataa msemo huo. Bidii ya dini pasipo kuichunguza hofu inaweza kuwasha kiberiti.

Sasa nirudi nyuma zaidi, maana nusu ya pili ya "msiogope" nayo ina historia katika nchi hii ya Wanyiha na Wanyamwanga. Kituo cha misheni cha Wamoraviani kule Mbozi kilianzishwa mwaka 1899, na kwa miaka mingi kiliongozwa na Mjerumani Traugott Bachmann. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, eneo hili likawa mstari wa mbele hasa. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yalivuka mpaka kutoka Rodesia ya Kaskazini na Nyasaland, na moja ya safu zake ilitokea Fife, boma la kikoloni lililokuwa upande huo ambako leo iko Nakonde. Wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na kuondolewa. Kwa siku chache tu kanisa changa likajikuta halina mchungaji, halina fedha kutoka Ulaya, na limezungukwa na majeshi mawili ambayo yote yalitaka chakula na wapagazi.

Walimu na wazee Waafrika ndio waliobaki nalo. Waskoti wa misheni ya Livingstonia walikuja baadaye kulisimamia, na Wamoraviani kutoka Ulaya wakarudi katikati ya miaka ya 1920, lakini katika kipindi kigumu zaidi waumini waliendelea kukusanyika kwa sababu wenyeji waliamua kukusanyika. Hatuna sanamu zao. Vitabu vya historia vinamtaja zaidi mgeni aliyeondoka kuliko mwenyeji aliyebaki. Walikuwa na kila sababu ya kuogopa: mtu aliyefundishwa na Wajerumani angeweza kushukiwa na Waingereza, na mwenye nguvu mwilini angeweza kukamatwa akabebeshwa mzigo hadi afie njiani. Kazi yao ilikuwa ndogo na ya kujirudia. Kuwafundisha watoto kusoma, kuzika wafu, kuomba na mjane. Nadhani hapo ndipo wengi wetu tunakosea tunapotafuta ujasiri wa imani. Tunautafuta kwenye majukwaa, na huku kwa sehemu kubwa umekuwa kazi ya kuendelea kufanya jambo la wajibu wakati ambapo hakuna anayekusimamia na kila mtu angekuelewa ukiliacha.

Lakini historia hiyo ina upande mwingine, na itakuwa si haki kuuficha. Ng'ambo ya mpaka, mwaka 1918, mhubiri Hanoc Sindano wa harakati za Mnara wa Mlinzi, aliyekuwa amefukuzwa Rodesia ya Kusini mwaka uliotangulia, alipita vijijini akitangaza kwamba mwisho wa dunia umekaribia. Maelfu walimsikiliza. Na kwa nini wasimsikilize? Vita vilikuwa vimewala vijana wao katika upagazi wa tengatenga, njaa ilikuwapo, homa kuu ya mafua ilikuwa inaingia, na jeshi la von Lettow-Vorbeck lilikuwa linapita huku na huko kabla ya kuweka silaha chini kule Abercorn tarehe 25 Novemba 1918. Kama huo haukuwa mwisho wa dunia, ulifanana nao sana. Mapema mwaka 1919 serikali ya kikoloni iliwakamata wafuasi wake zaidi ya 100.

Wasomi wa zamani waliwaita hawa watu waliochanganyikiwa kwa hofu. Mimi nasita. Utabiri wao wa tarehe za mwisho ulikuwa kosa, na anayewaahidi watu waliochoka kwamba kesho mbingu zitafunguka anachukua dhima kubwa mno. Hata hivyo walisema jambo moja ambalo makanisa ya misheni, pande zote mbili za mpaka, yalishindwa kulisema kwa sauti: kwamba kumkamata mtu na kumbebesha mizigo ya vita visivyo vyake ni uovu, na kwamba kuna ufalme ulio juu ya ufalme wa boma. Mwalimu wa Mbozi aliendelea kufundisha; Sindano alisema. Laiti wangekutana. Kanisa linalohudumia bila kusema huishia kuwa hospitali ya wale wanaoumizwa na watu asiothubutu kuwataja, na kanisa linalosema bila kuhudumia huwaacha watu wakiwa wamesimama shambani wanatazama juu.

Kuhusu soko la hofu nitasema machache, kwa sababu wasomaji wengi wanalijua kuliko mimi. Tarehe 1 Februari 2020 watu 20 walikufa Moshi, katika ibada ya uwanjani, walipokuwa wakisukumana kwenda kukanyaga mafuta ya upako. Walikuwa maskini na wagonjwa, watu wenye madeni, wazazi wenye watoto waliokata tamaa. Ninapoona mabango ya mafuta na maji ya upako njiani kati ya Mpemba na Tunduma mjini, sicheki kama baadhi ya wenzangu wa vyuo vikuu wanavyocheka. Mnunuzi wa chupa ile ana hofu ya kweli. Kosa ni la anayeiuza hofu hiyo kwa mwenyewe, huku akihakikisha haiishi, kwa kuwa ikiisha biashara nayo imekwisha.

Mwaka huo huo wa 2020 ulitupa mtihani wa taifa zima. UVIKO-19 ulipoingia, Rais Magufuli alitangaza siku tatu za maombi, tarehe 17 hadi 19 Aprili. Niliziona kuwa jambo jema, na bado naziona hivyo. Taifa linaloomba linakiri kwamba halijitoshelezi. Tatizo lilianza pale sala ilipopewa kazi ya kuziba masikio. Baada ya tarehe 29 Aprili serikali iliacha kutoa takwimu za wagonjwa, na mwezi Juni Rais akatangaza kwamba Mungu ameuondoa ugonjwa nchini. Tunduma ilijua mambo hayakuwa mepesi namna hiyo, kwa sababu Zambia ilikuwa imeufunga mpaka wa Nakonde tarehe 11 Mei kufuatia wingi wa maambukizi, na malori yakajipanga. Mtu aliyesimama mpakani aliona kwa macho yake nchi mbili zilizo na ugonjwa mmoja zikisema lugha mbili.

Katika kipindi hicho hicho Askofu Benson Bagonza wa KKKT Dayosisi ya Karagwe na Askofu Severine Niwemugizi wa Jimbo Katoliki la Rulenge-Ngara walisimamisha ibada za pamoja kwa muda ili kulinda waumini. Walishutumiwa kwa kukosa imani. Kwangu mimi ilikuwa kinyume chake: walikuwa na imani ya kutosha kuamini kwamba Mungu hahitaji kudanganywa kuhusu hali ya watu wake. Na mwanzoni mwa 2021 Baraza la Maaskofu Katoliki liliporudia kuonya, na katibu wake, Padri Charles Kitima, alipoeleza mwezi Machi kwamba zaidi ya mapadri 25 na watawa 60 wamefariki ndani ya miezi miwili, kanisa lilikuwa linahesabu wafu wake hadharani wakati ambapo kuhesabu kulikuwa kumeacha kuwa desturi. Ni tendo la kiibada. Anayemhesabu mtu anakiri kwamba alikuwapo.

Padri huyo huyo alishambuliwa na kujeruhiwa usiku wa tarehe 30 Aprili 2025 kule Kurasini, katika makao makuu ya Baraza. Alipona, akaendelea kusema.

Watumishi wa umma wanaonisoma watakumbuka pia Pasaka ya 2018. Nchi ilikuwa imepita katika miezi ya giza: Tundu Lissu alikuwa amepigwa risasi Dodoma Septemba 2017, mwandishi Azory Gwanda alitoweka Novemba mwaka huo, na mwanafunzi Akwilina Akwilini aliuawa kwa risasi Februari 2018 akiwa kwenye daladala, wakati polisi wakitawanya waandamanaji. Maaskofu Katoliki walisema katika ujumbe wao wa Kwaresima. Maaskofu wa KKKT wakatoa waraka wao wa Pasaka, "Taifa Letu, Amani Yetu". Baadaye ikatoka barua katika ofisi ya Msajili wa Vyama ikiwapa siku 10 waufute. Hawakuufuta. Iliishia kwa waziri wa mambo ya ndani wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, kuikana barua hiyo. Mtu anaweza kuichambua siasa yote iliyokuwa nyuma ya pazia, na mimi ninalipwa kufanya hivyo, lakini jambo la msingi ni jepesi: wazee wale waliogopa, walikutana, waliandika, walitia sahihi kila mmoja jina lake, na walipotishwa walikaa.

Afrika Mashariki ina wazee waliolipa zaidi. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda na wenzake walimwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji mnamo Februari 1977. Siku chache baadaye, tarehe 16 mwezi huo, aliuawa, na serikali ikasema ni ajali ya gari. Mwenzake, Askofu Festo Kivengere, ambaye katika ujana wake aliwahi kufundisha Dodoma, alitoroka akavuka mpaka kwenda Rwanda. Mmoja alibaki, mwingine alikimbia. Na kanisa, kwa hekima, halikumhukumu aliyekimbia. Nalitaja hili kwa ajili ya wanaharakati vijana ambao wameanza kupima imani ya wenzao kwa kiwango cha hatari wanachojitafutia. Si kila mtu ametumwa kwa Amin. Kivengere alipotoka aliitumia sauti yake kuieleza dunia. Nusu ya pili ya amri haifanani kwa watu wote.

Kuna rafiki zangu watakaosema kwamba haya yote ni kasumba, kwamba tungeacha makanisa na kujenga taasisi. Nakubaliana nao kuhusu taasisi. Ila nawauliza: katika wilaya za Momba na Ileje, hukohuko ambako shirika la kiraia lenye ofisi ni adimu kama theluji, ni nani mwingine anayewakusanya watu kila wiki kwa hiari yao, anayejua nani hakuja na kwa nini? Na msomaji Mwislamu asidhani kwamba nimemsahau. Niliyoyasema kuhusu hofu na kazi anayo katika dini yake, pengine kwa maneno bora zaidi, na mji wa Tunduma hautapona kwa imani ya upande mmoja.

Tarehe 15 Novemba 2025 maaskofu Katoliki walitoa tamko la kulaani mauaji yaliyoambatana na uchaguzi. Siku chache baadaye Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Matamko ni ya maaskofu na tume ni za marais. Swali langu ni la ngazi ya chini: usharika wa Tunduma, jumuiya ndogo ndogo ya Vwawa, kwaya ya vijana ya Mlowo, wao "msiogope" yao ina kazi gani?

Nina mapendekezo ya kawaida kabisa. Mchungaji aende mwenyewe kituo cha polisi pamoja na mama anayemtafuta mwanawe, avae kola yake, akae kwenye benchi naye hadi ajibiwe. Haihitaji siasa, inahitaji asubuhi moja na nauli ya bodaboda. Daktari Mkristo aandike katika hati ya kifo sababu aliyoiona. Karani Mkristo asiandike tarehe ambayo siyo. Mwanafunzi aliyerudi nyumbani asisambaze video ambayo hajui imetoka wapi, hata kama inaipendeza hasira yake, kwa sababu tumekwisha kuona mwaka 2013 uvumi unaweza kufanya nini katika mji huu. Mzee wa kanisa na imamu wa msikiti wapigiane simu sasa, wakati hakuna tatizo, ili siku tatizo likija namba ziwepo. Na mtumishi wa umma anayeogopa, aogope, lakini asitie sahihi uongo. Ikimlazimu kukaa kimya, akae kimya kwa mdomo, asikae kimya kwa kalamu.

Nimalizie na daftari. Makanisa mengi ya zamani katika mkoa huu yana daftari za waliobatizwa, waliofunga ndoa na waliofariki. Tunapotafiti miaka ya vita na homa kuu ya mafua, daftari za namna hiyo mara nyingine ndizo pekee zinazomtaja mtu wa kawaida kwa jina. Nimewaomba wachungaji ninaofahamiana nao wafungue ukurasa wa Oktoba na Novemba 2025, waone nani hajaandikwa, waende kwa familia yake, waulize, waandike jina kamili, umri, mtaa na siku. Wawili wamesema wataanza baada ya Kwaresima. Mmoja ameniuliza kama ni salama, nami nikamwambia kwamba sijui.